Sura ya Sita: Pembeni mwa Mshono

Tangi lilirudi karakanani asubuhi, limefungwa kamba juu ya kirikuu. Lilikuwa tangi la maziwa la lita 500, la kile chuma kisichoshika kutu ambacho mafundi wote wa Morogoro hukiita stenlesi. Mwenye tangi hununua maziwa kwa wafugaji wa Mvomero na kuyauza mjini. Wakati wa masika tangi lilikuwa jipya. Kiangazi hakijaisha, linavuja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Vipi tena?”

“Tangi linatoa jasho. Mshono umeachia.”

Mzee, fundi mwenye karakana, hakubisha. Alimwita kijana wake, wakalishusha, wakatia maji ndoo tatu na kulilaza ubavu. Tukasubiri. Karakana yenyewe ni banda la mabati katika kata ya Mzinga, mlima Uluguru umesimama nyuma yake kama ukuta. Nilikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya kitabu hiki, na sikujua kama siku ile ningepata sura nzima.

Baada ya dakika chache matone yakaanza kutokeza. Mzee alichuchumaa, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma, kisha akaniita nisogee. Mshono ulikuwa mzima, umetulia, magamba yake yamelaliana vizuri kama ya samaki. Maji yalitoka pembeni yake, umbali wa kama milimita nne, kwenye vitundu vidogo kama ncha ya sindano vilivyojipanga mstari mmoja. Vyote vilikuwa ndani ya mkanda mwembamba wenye rangi ya chai upande mmoja na buluu upande wa pili.

“Mshono haujaachia,” mzee akasema. “Kilichokufa ni jirani yake.”

Sura hii inahusu mkanda huo wa milimita chache. Anayejifunza kuchomelea hufundishwa kuutazama mshono, na ni haki, maana ndiko chuma kinakoyeyuka na kuungana. Lakini katika stenlesi, uhai wa kazi huamuliwa zaidi pembeni mwa mshono, mahali ambapo chuma hakikuyeyuka ila kilipashwa joto kikaachwa kipoe.

Utando usioonekana

Neno mzinga lina maana mbili zinazojulikana na kila Mswahili: nyumba ya nyuki, na silaha kubwa inayotupa makombora. Upande huu wa Morogoro ndiko liliko Shirika la Mzinga, kiwanda cha ulinzi kilichoanzishwa miaka ya 1970. Na kwa bahati, historia ya stenlesi nayo inapita kwenye mtutu wa bunduki. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ambacho hakitalika upesi kwa joto na msuguano wa risasi. Aliyeyusha chuma chenye kromi karibu asilimia 13, akagundua kwamba asidi alizozoea kuzitumia kuchunguza vyuma hazikila kile kipande kama zilivyokula vingine. Mwaka mmoja kabla yake, wataalamu wa kampuni ya Krupp nchini Ujerumani walikuwa wamesajili hataza ya chuma chenye kromi pamoja na nikeli. Huyo wa Ujerumani ndiye babu wa karibu wa bamba lililotengenezea tangi letu.

Siri yake ni kromi. Chuma kikiwa na kromi kuanzia asilimia 10.5 hivi, oksijeni ya hewani hukutana nayo juu ya uso wa chuma na kufanya utando wa oksidi. Utando huo una unene wa nanomita moja hadi tatu. Ili upate unene wa unywele mmoja wa kichwani, itabidi upange tando hizo makumi ya maelfu. Hauonekani kwa macho, haushikiki kwa mkono, lakini ndio unaozuia kutu. Ukikwaruza bamba kwa msumari, utando unachanika na kujifunga wenyewe papo hapo, ilimradi kuna hewa na kuna kromi ya kutosha chini yake.

Shikilia sharti hilo la pili. Utando huzaliwa upya kwa kromi iliyo chini yake. Kromi ikipungua mahali fulani, pale pamebaki uchi, na chuma cha uchi hushika kutu kama jembe lililosahauliwa kwenye mvua.

Joto lisilotaka kuondoka

Bamba linalopatikana kwa wingi ni la daraja linaloitwa 304: kromi karibu asilimia 18, nikeli karibu 8, kaboni isiyozidi 0.08. Ukilitazama limesimama kando ya bamba la chuma cha kawaida, tofauti ni mng’ao tu. Ukiliwashia moto, tofauti ni tatu, na zote humgusa fundi.

Ya kwanza, stenlesi hupitisha joto kwa shida. Chuma cha kawaida hulisafirisha joto mara tatu zaidi. Kwa hiyo moto ule ule ambao kwenye geti la chuma cheusi, yaani hicho cha kawaida, ungetawanyika haraka, kwenye stenlesi hubaki pale pale ulipotua, ukirundikana kama maji mbele ya mtaro ulioziba.

Ya pili, hutanuka zaidi. Bamba la mita moja likipanda nyuzi joto 100, chuma cha kawaida hurefuka kama milimita 1.2, stenlesi milimita 1.7. Joto limekaa mahali pamoja, na mahali hapo panatanuka kuliko jirani zake: ndiyo maana bamba jembamba hupinda na kufanya mawimbi. Fundi mwenye uzoefu hupiga taki nyingi, yaani vidoa vidogo vya kushikiza mabamba, kabla ya mshono, akizipanga karibu karibu kuliko ambavyo angepanga kwenye chuma cheusi, kisha huchomelea vipande vifupi kwa kuruka, hapa kidogo, kule kidogo, asilundike moto upande mmoja.

Ya tatu, stenlesi hukinza umeme karibu mara tano kuliko chuma cha kawaida. Rodi yake hupata moto upesi mkononi, na ukiikaza ampea kama za rodi ya kawaida, itageuka nyekundu kabla haijaisha na ganda lake kupasuka. Kwa hiyo ampea hupunguzwa.

Joto linaloingia katika kila milimita ya mshono linaweza kuhesabiwa. Chukua volti 24 na ampea 80: ni wati 1,920, karibu sawa na pasi mbili za nguo zikiwaka kwa pamoja. Mkono ukitembea milimita 160 kwa dakika, kila milimita imemezeshwa jouli 720. Mkono ukizubaa na kutembea nusu ya mwendo huo, kila milimita imepokea jouli 1,440. Mashine haikuguswa. Kilichobadilika ni mwendo wa mkono peke yake.

Mwizi wa kromi

Sasa tuingie ndani ya chuma chenyewe. Ukisafisha kipande cha stenlesi hadi king’ae, ukakiuma kwa asidi na kukitazama kwa hadubini, utaona kimegawanyika punje punje, kila punje na mpaka wake. Ukisimama Mzinga asubuhi na kutazama miteremko ya Uluguru, utaona mfano wake: mapande ya mashamba yaliyoegemeana, na kati ya pande na pande kuna mpaka. Mvua kubwa ikija, maji hupenda kupita kwenye mipaka hiyo.

Mpakani ndiko kaboni hufanya wizi wake. Kaboni si adui wa chuma kwa asili. Wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, waliishi nayo kama rafiki kwa karne nyingi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi tanuri za kule zilivyopuliziwa hewa iliyopashwa moto kwanza, na kutoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua. Pale kaboni ndiyo iliyolipa jembe na shoka ugumu. Ndani ya stenlesi, kaboni hiyo hiyo ina tamaa moja: kushikana na kromi.

Kwenye joto la kawaida haiwezi. Atomu zimekaa, hazina nguvu ya kusafiri. Ukilipasha bamba joto la kati ya nyuzi 425 na 850 hivi, zinapata nguvu hiyo. Kaboni, kwa kuwa ni ndogo, hukimbia hadi kwenye mipaka ya punje. Huko hujifunga na kromi na kufanya kabidi, atomu 23 za kromi kwa 6 za kaboni. Kwa uzito, kila gramu moja ya kaboni humeza zaidi ya gramu 16 za kromi.

Piga hesabu kwa bamba lote na utadhani hakuna tatizo. Kaboni asilimia 0.08 ikishiba yote, itakula kromi kama asilimia 1.3. Kutoka 18, bado zimebaki zaidi ya 16. Lakini wizi haufanyiki shamba zima. Kromi ni nzito kwa mwendo, haiwezi kutoka katikati ya punje kuja kuziba pengo, kwa hiyo inayoliwa ni ile ya mpakani peke yake. Huko hushuka chini ya kiasi kinachoweza kulisha utando. Katikati ya punje chuma ni kizima kabisa. Kingoni mwake ni kama chuma cha kawaida. Asidi au chumvi ikipita, inafuata mipaka ile kama maji ya mvua, na punje zinadondoka moja moja kama mahindi yanayopukuchuliwa kwenye gunzi.

Na kwa nini hutokea pembeni, si kwenye mshono? Kwa sababu bamba lililo jirani kabisa na moto hupanda juu sana, zaidi ya nyuzi 850, ambako kabidi haikai, kisha hushuka haraka. Mbali na hapo bamba halifiki hata 425. Katikati ya sehemu hizo mbili upo ukanda unaokaa muda mrefu ndani ya joto la wizi. Ndizo milimita nne za mzee.

Dawa yake imejulikana tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kwanza ni kupunguza mwizi mwenyewe: daraja la 304L lina kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Kwenye 304 yenye kaboni nyingi, madhara yanaweza kuanza kwa kukaa katika joto lile kwa dakika. Kwenye 304L huhesabiwa kwa saa, na hakuna mshono wa tangi unaochukua saa. Pili ni kumpa mwizi kitu kingine cha kuiba: viwanda huongeza titani au niobi, ambazo kaboni huzipenda kuliko kromi. Rodi nayo ifuate bamba: kwa 304L chukua 308L, kwa 316L chukua 316L, na ukiunganisha stenlesi na chuma cheusi chukua 309L.

Kupooza kinyume cha mhunzi

Hapa ndipo desturi ya zamani humpotosha fundi. Mhunzi akitaka shoka liwe gumu hulichovya majini likiwa jekundu. Fundi wa magari anajua kwamba springi ya lori ikichomelewa na kumwagiwa maji itakatika kama kigae. Kutokana na hayo tumerithi kanuni moja: usipooze weldi haraka.

Kwa chuma chenye kaboni nyingi kanuni hiyo ni kweli tupu. Kikipoozwa ghafla, atomu zake hunaswa katika mpangilio mgumu na mkavu, unaovunjika kabla haujapinda. Lakini 304 ina nikeli ya kutosha kuuzuia mpangilio wake usigeuke kuwa ule mgumu, tangu inapoganda kwenye nyuzi 1,400 na kitu hadi ikawa baridi mkononi. Haiwi ngumu kwa kupoozwa upesi. Viwandani hufanya kinyume kabisa: bamba au bomba lililoharibika hupashwa hadi nyuzi 1,040 au 1,100, kabidi zikayeyuka na kromi kurudi mahali pake, kisha hutumbukizwa majini haraka ili wizi usipate nafasi ya kuanza tena.

Wahenga walituonya kuhusu haraka, na kwenye stenlesi pana mahali pa kuwasikiliza: kati ya mshono na mshono. Fundi ahimize kupoa, lakini yeye mwenyewe asubiri. Kabla ya kupitisha mshono wa pili juu ya wa kwanza, bamba lishuke chini ya nyuzi 150 hivi. Ipo chaki maalumu inayoyeyuka kwenye joto linalotakiwa. Asiyekuwa nayo adondoshe tone la maji pembeni: likichemka na kulia, bado, likitulia, karibia, na ukaushe kabla ya kuwasha. Kipande cha shaba kilichobanwa nyuma ya bamba nacho hunyonya joto na kulipeleka kando.

Tahadhari moja: si kila stenlesi ni 304. Ile ya visu ina kromi bila nikeli ya maana, na hiyo huwa ngumu kama chuma cha mhunzi, kwa hiyo hupashwa joto kabla na kupoozwa polepole. Ile ya 430, ya masinki ya bei nafuu na mapambo, punje zake huvimba kwa joto na kuwa dhaifu. Wengi hupima kwa sumaku na kusema inayovutwa ni feki. Sivyo. 430 huvutwa na sumaku na ni stenlesi halali. Na 201, iliyopunguzwa nikeli na kuongezwa manganisi, haivutwi, lakini haivumilii chumvi kama 304. Anayetaka uhakika adai cheti cha bamba dukani.

Rangi ambazo si pambo

Turudi kwenye mkanda wa rangi ya chai na buluu. Ni alama ya joto. Chuma kikiwa cha moto mbele ya hewa, utando wa oksidi hunenepa, na mwanga ukipita ndani yake hutoa rangi: ya majani makavu, dhahabu, zambarau, buluu, na mwisho kijivu cheusi. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo joto lilivyopanda au kukaa sana.

Utando huo mnene si bora kuliko ule mwembamba. Umejaa chuma, una nyufa, na umenyonya kromi kutoka tabaka lililo chini yake. Kwenye mabamba membamba kama ya tangi letu, yenye milimita mbili, rangi hii ndiyo mkosaji mara nyingi kuliko kabidi, maana bamba jembamba likichomelewa mara moja halikai muda mrefu kwenye joto la wizi.

Ndani ya bomba hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayeona. Mshono ukipenya bila kulindwa na gesi kwa ndani, mgongo wake huungua na kufanya vinundu vyeusi. Mafundi wanaosema Kiingereza wameipa hali hiyo jina la sukari, na yeyote aliyeona sukari iliyoungua kwenye sufuria atakubali kwamba jina limefaa. Bomba likiwa la maziwa au la maji ya mua, uchafu hukwama mle na vijidudu hufanya makao. Kinga ni kujaza ndani gesi ya arigoni kabla ya kuwasha, na kuiacha ipite hadi chuma kipoe.

Rangi ikishatokea, iondolewe yote, pamoja na lile tabaka la chini lililofilisika kromi. Msasa laini au brashi hufanya sehemu ya kazi, kisha dawa ya asidi inamalizia. Dawa kali ya kuondoa rangi huwa na asidi ya nitriki na ya hidrofloriki. Hiyo ya pili hupenya ngozi na kushambulia hadi mfupani, pengine kwa maumivu yanayochelewa, kwa hiyo haiguswi bila glavu za mpira, miwani, maji tele na mtu aliyefunzwa. Na moshi wa kuchomelea nao usidharauliwe: mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea wote katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani, na wa stenlesi hubeba kromi ya aina iliyo hatari zaidi. Banda liwe wazi, feni ivute moshi mbali na uso, barakoa iwe ya kuchuja moshi, si kitambaa.

Brashi mbili, misumari miwili

Mzee alimuuliza mwenye tangi analiosha kwa kitu gani. Akasema kwa dawa ya kung’arishia nguo, ile yenye klorini, analiacha nayo usiku kucha ili linukie usafi. Mzee akamgeukia kijana: upande huu ulipita mara ngapi? Kijana akainamisha kichwa. Kulikuwa na kitundu kisichoziba, akapita mara nne mfululizo bila kusubiri. Na ndani alipigia brashi ipi? Ile ile ya kwenye magrili.

Sababu zote zikawa mezani. Kupita mara nne kulilimbikiza joto na kukoleza rangi. Rangi haikuondolewa yote ndani. Brashi ya chuma cheusi ilisugua chembe za chuma chenye kutu juu ya bamba. Kisha klorini ikalala usiku kucha juu ya mahali palipokwisha kupoteza kinga. Hakuna moja kati ya hayo lililouharibu mshono wenyewe.

“Ni kazi yetu,” mzee alimwambia mteja. “Hulipi kitu.”

Walikata ukanda mzima wenye rangi, upana wa vidole viwili, wakaweka kipande kipya. Safari hii kijana alianza na taki, akafunga pau ya shaba nyuma, akachomelea kipande kifupi na kusimamisha. Akadondosha tone la maji. Likalia. Akaweka mashine chini, akakaa juu ya debe, akautazama mlima. Tone la pili likalia. La tatu likatulia. Hapo ndipo aliponyanyuka.

Jioni, rangi zote zikiwa zimeondolewa na tangi limesuuzwa mara tatu, mzee alichukua brashi mpya yenye nyuzi za stenlesi na kuchovya mpini wake kwenye rangi nyeupe. Akapigilia msumari mwingine ukutani, mbali na ule wa zamani, akaitundika brashi ile peke yake. Kijana alisimama akiutazama ule msumari, kisha akaenda kuitoa pembeni brashi ya magrili iliyokuwa imeanguka karibu yake.